Maneno ya Adabu katika Kisukuma cha Bariadi

Makala haya yahusu maneno machache ya kila siku ya Kisukuma, yaani ya kuamkia, ya kushukuru, ya kuitana na ya mzaha, kama yasikikavyo Bariadi na katika wilaya nyingine za Mkoa wa Simiyu. Si orodha ya msamiati. Orodha za namna hiyo zipo, nazo humpoteza msomaji kwa urahisi wake: upande wa kushoto neno la Kisukuma, upande wa kulia neno la Kiswahili, mwangaluka ni "habari za asubuhi", wabeja ni "asante", na basi. Mtu aliyeishika orodha kama hiyo atalijua neno, lakini hatajua ni nani amwambiaye nani. Na katika maneno ya adabu hilo ndilo nusu ya maana, pengine zaidi ya nusu.

Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Bariadi. Wilaya zake ni Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 2,140,497. Sensa za Tanzania haziulizi kabila tangu ile ya mwaka 1967, lakini afikaye mnadani Bariadi hahitaji sensa kumwambia kwamba lugha ya mahali hapo ni Kisukuma. Wenyeji wa Bariadi hujulikana kama Wanyantuzu, kwa jina la nchi ya Ntuzu, iliyokuwa na mtemi wake mpaka utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963. Usemi wao una ladha yake, tofauti kidogo na ule wa watu wa Mwanza walio magharibi, lakini wote huelewana bila shida, na maneno yatakayojadiliwa hapa ni mali ya Wasukuma wote. Tahajia iliyotumika ni ile ya kawaida yenye vokali tano, ijapokuwa Kisukuma kina vokali saba, wataalamu watasamehe.

Walimu, wauguzi na mabwana shamba wengi wanaofanya kazi mkoani wametoka kwingine, nao hukutana na wenyeji kwa Kiswahili. Kwa kawaida hakuna ugumu wowote. Ugumu huja pale ambapo mwenyeji asema Kiswahili kwa adabu ya Kisukuma, na mgeni aisikiliza adabu hiyo kwa sikio la Kiswahili cha kwao. Hapo mwenye heshima huweza kuonekana hana heshima, na mtoto aliyelelewa vizuri huweza kuwekewa alama ya kosa.

Tuanze na maamkizi ya asubuhi. Mgeni hufundishwa kusema mwangaluka, na ajibiwapo mwangaluka vile vile hudhani amelimaliza jambo. Lakini neno hilo si jina la salamu kama lilivyo neno "salamu" lenyewe. Ni kitenzi kamili, kinachohusu kuamka kwa mtu asubuhi, nacho kina nafsi ndani yake. Kiambishi mw- cha mwanzo ni cha nafsi ya pili wingi. Kwa mtu mmoja husemwa wangaluka. Msomaji wa Kiswahili atautambua mpango huu mara moja akikumbuka "waamkaje" na "mwaamkaje". Salamu ya mchana na jioni, mwadila, hufuata mpango huo huo, na umoja wake ni wadila. Na itajwe hapa kwa kupita kwamba msemaji apandaye jukwaani saa tisa alasiri na kuwapigia wananchi kelele za mwangaluka hushangiliwa sana, lakini hashangiliwi kwa sababu anayoidhani yeye.

Sasa, kama wingi ungekuwa wa hesabu tu, jambo lingeishia hapo. Haliishii hapo. Mzee mmoja akikutana na kijana mmoja njiani, kijana humwambia mzee mwangaluka, wala si wangaluka, ingawa mzee yuko peke yake. Wingi hapo hauhesabu watu, wapima cheo. Hali ni hiyo hiyo kwa neno la shukrani. Wabeja huambiwa mmoja, mwabeja huambiwa wengi, au mmoja astahiliye heshima ya wengi. Ni kweli kwamba wabeja, hasa vinywani mwa vijana na wageni, limekwisha kuganda kidogo, hata husikika "wabeja sana", nusu Kisukuma nusu Kiswahili, akiambiwa yeyote. Lakini mzee aambiwaye mwabeja huisikia tofauti.

Neno hili la shukrani lafaa kutazamwa kwa makini zaidi, maana lina jamaa asiyetazamiwa. Katika wabeja, mwenye kushukuru hajitaji mwenyewe. Hasemi "nakushukuru". Nafsi iliyo katika kitenzi ni ya yule aliyetenda wema: ni wewe, au ninyi. Wengi watadhani kwamba Kiswahili ni kinyume cha hayo, na kwamba "asante" ni neno lisilo na nafsi. Kwa leo ni hivyo. Lakini "asante" latokana na Kiarabu ahsanta, maana yake "umetenda vyema", akiambiwa mwanamume mmoja. Nalo pia lilikuwa kitenzi chenye nafsi ya pili ndani yake. Waswahili walilipokea kama kipande kimoja kisichochanuka, nafsi ya ndani ikafa, na kwa kuwa haja ya kuwashukuru wengi haikufa, wakalitia -ni ya Kibantu mwishoni: "asanteni". Vivyo hivyo "karibu", ambalo kwa asili ni "karibu" ya mahali, lilipata "karibuni". Hivyo lugha hizi mbili zimefika mahali pamoja kwa njia mbalimbali, moja kwa kitenzi chake yenyewe, nyingine kwa kitenzi cha kuazima kilichoshonewa mkia.

Ila tofauti moja ilibaki. "Asanteni" ya Kiswahili sanifu ni ya hesabu. Mtu haambiwi asanteni akiwa mmoja, hata akiwa mzee wa miaka tisini. Kiswahili huonyesha heshima kwa njia nyingine: kwa "shikamoo", neno lenye asili ya kushika miguu, na kwa majina ya udugu na ya cheo, kama mzee, bibi, mwalimu na bwana. Kitenzi chenyewe hubaki katika umoja. Kisukuma huonyesha heshima ndani ya kitenzi.

Jambo hili si la Kisukuma peke yake. Lugha nyingi za Ulaya hufanya hivyo, na Kihispania ni mfano mzuri kwa kuwa kilipata neno lake la heshima kwa njia inayoonekana wazi. Mhispania huchagua kati ya tú, amwambiapo rafiki au mtoto, na usted, amwambiapo mgeni au mkubwa. Neno usted ni kifupi cha maneno ya zamani vuestra merced, yaani "hisani yenu". Basi wingi wa heshima umo humo ndani, katika "yenu", ukiwa umezikwa na matumizi ya karne nyingi. Na kwa kuwa hisani si mtu aliyesimama mbele yako, kitenzi kifuatacho usted huwa cha nafsi ya tatu, kana kwamba asemeshwaye hayupo. Mgeni anayejifunza lugha hiyo Madrid au Guinea ya Ikweta akimwambia tú mzee asiyemjua, hajakosea sarufi hata kidogo. Amekosea adabu, na hakuna kamusi itakayomwonya kwa kumwandikia tu kwamba maneno yote mawili maana yake ni "wewe".

Turudi Bariadi, tena tuingie darasani. Mtoto aliyezoea kumwambia babu yake mwangaluka, akimwambia mwalimu wake mmoja "mmeamkaje, mwalimu?" au "mmeshafika?", anafanya katika Kiswahili lile lile alilofundishwa nyumbani. Mwalimu aliyekulia Tanga au Lindi husikia wingi mahali pa umoja, na kalamu nyekundu hufanya kazi yake. Kwa sarufi ya Kiswahili sanifu mwalimu ana haki, na mtoto hana budi kujifunza umoja. Lakini kuna njia mbili za kumfundisha. Moja ni kumwambia kwamba hajui kuhesabu. Nyingine ni kumwambia kwamba heshima aliyoiweka katika kitenzi, Kiswahili huiweka katika "shikamoo, mwalimu", na kwamba kitenzi chaweza kubaki katika umoja bila ya mtu kutukanwa. Njia ya pili yataka mwalimu ajue jambo moja la Kisukuma, na jambo hilo hulijua kwa dakika tano. Mtoto aliyesahihishwa kwa njia ya kwanza hujifunza umoja pia, lakini pamoja nao hujifunza kwamba heshima ya nyumbani kwao ni kosa.

Baada ya mwangaluka huja swali la hali. Ulimhola? huuliza mmoja, na mwenziwe hujibu mhola, au mhola duhu, yaani "mhola tu". Orodha za msamiati hutafsiri mhola kwa "salama" au "amani", na tafsiri hiyo si mbaya. Lakini neno lina historia inayofaa kusimuliwa.

Mahali penye p ya Kibantu cha kale, Kisukuma mara nyingi kina h. Kiambishi cha mahali ambacho kwa Kiswahili ni pa-, kwa Kisukuma ni ha-. Na pale p ilipotanguliwa na king'ong'o, Kisukuma hutoa sauti moja ya puani yenye pumzi, iandikwayo mh: "pembe" ya Kiswahili ni mhembe. Jambo la pili ni kwamba Kisukuma kimeihifadhi l mahali pengi ambapo Kiswahili kimeidondosha: "kuomba" ni kulomba, "kulia" kwa machozi ni kulila. Msomaji akiyatumia mambo haya mawili pamoja katika neno mhola, yaani akirudisha p mahali pa h na kuiondoa l, atafika kwenye neno alijualo sana: "poa".

Ndilo neno lile lile. Shina la kale lilikuwa na maana ya kupungua moto, kutulia na kupona, na kutoka humo Kiswahili kina "kupoa", "kupoza", tena "pole" na "polepole"; Waganda husema mpola kwa maana ya taratibu. Mwenye kujibu mhola asema kwamba kwake kumepoa: hakuna moto wa homa, wala wa ugomvi, wala wa msiba. Sasa, katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 vijana wa mijini walianza kuulizana "mambo?" na kujibu "poa". Wazee wengi, na baadhi ya walimu, walilikataa jibu hilo kama uhuni wa mitaani. Mzee wa Kisukuma anayemkaripia mjukuu wake kwa kusema "poa", kisha akamgeukia jirani na kumjibu mhola duhu, ametumia shina lile lile mara mbili, mara moja kwa hasira na mara moja kwa adabu. Haifuati kwamba mzee amekosea. Neno halipewi heshima na asili yake. Hupewa na watu walitumiao na mahali walitumiapo. Na mawazo ya namna hii huzuka kwingi: mabaharia wa pwani wametupa "shwari", na vijana wasemao Kihispania, waulizwapo hali, hujibu tranquilo, yaani kumetulia.

Majina ya udugu yataka uangalifu zaidi, kwa kuwa hapo maneno ya lugha mbili hufanana kwa sura na kuachana kwa maana. Baba ni baba, hakuna neno. Lakini mama mzazi kwa Kisukuma ni mayu. Kisukuma nacho kina neno mama, ila huyo ni bibi, yaani mama yake baba au mama yake mayu. Na mumewe, babu, ni guku. Mjomba ni mami. Muuguzi akimwuliza kikongwe wa kijijini, "Mtoto huyu ana mama?", akajibiwa kwamba mama yake ni huyu hapa anayeongea, hana budi kuuliza swali la pili kabla ya kuandika lolote katika kadi. Wengi katika Bariadi ya leo wazijua maana zote mbili na hutenganisha lugha bila kufikiri, lakini wagonjwa wazee si wengi hao. Tena Kiswahili chenyewe hakina haki ya kucheka, maana neno "bibi" limekuwa mke, mwanamke mwenye heshima na mama wa mzazi, kwa kufuata mahali na nyakati.

Mayu hutumika pia kwa mwanamke yeyote wa umri wa mama, bila ya udugu wowote, na wachuuzi wasio Wasukuma wamelikamata kwa ajili ya biashara. Mzee naye humwita kijana asiyemjua ng'wana wane, yaani "mwanangu". Watu wa Meksiko hufanya vivyo hivyo kwa mijo, kifupi cha "mwanangu wa kiume", hata kwa mtu ambaye hawajapata kumwona. Mwenye kuitwa hivyo Bariadi na ajue kwamba amepewa nafasi: ameingizwa katika nyumba kama mtoto, na mtoto ana haki ya kusaidiwa, lakini ndiye mwenye wajibu wa kuamkia kwanza.

Neno jingine la kuangaliwa ni yaya. Kwa Kiswahili yaya ni mlezi wa watoto. Kwa Kisukuma ni "hapana". Hili halileti madhara mengi, ila huchekesha.

Lawama iliyo nzito zaidi ni ile isemayo kwamba Wasukuma hawana "tafadhali". Ni kweli kwamba mtu aweza kukaa Bariadi siku nyingi asilisikie neno hilo katika Kiswahili cha wenyeji. Lakini "tafadhali" ni neno la Kiarabu lililoingia katika Kiswahili na kushika kazi maalumu, kama vile por favor, yaani "kwa hisani", ilivyoshika kazi hiyo katika Kihispania. Kukosa neno hilo si kukosa adabu ya kuomba. Kisukuma kina kitenzi kulomba, na mwenye haja hukitamka waziwazi: hujishusha kwa kusema kwamba anaomba. Hii ndiyo sababu katika Kiswahili cha Simiyu, na cha bara kwa jumla, "naomba maji" ndiyo adabu, na "tafadhali nipe maji" husikika kama amri iliyovikwa kilemba. Karani aliyezoea ya pili na mkulima aliyezoea ya kwanza wote wawili wana adabu. Ila karani ndiye mwenye dirisha na mhuri, kwa hiyo yeye ndiye apaswaye kulijua jambo hili kwanza. Na ombi likitimizwa, mwabeja hujibiwa kwa urahisi, nduhu mhayo. Mhayo ni neno au jambo, kutokana na kuhaya, kusema. Nduhu ni "hakuna". Hakuna neno: Kiswahili na Kisukuma hapa vimekubaliana kabisa.

Limebaki neno la mzaha ambalo Watanzania wengi hulijua kabla hawajapajua Bariadi. Ngosha kwa Kisukuma ni mwanamume, na hutajwa hivyo bila dharau wala sifa. Lilipotoka nje ya usukumani likageuka kuwa jina la kabila: Dar es Salaam kila Msukuma wa kiume aweza kuitwa ngosha, na jina hilo huweza kumshika mtu maisha yake yote. Mzee Francis Maige Kanyasu, ambaye magazeti yalimtangaza kuwa ndiye aliyechora nembo ya taifa, na aliyefariki mwaka 2017, alijulikana na watu kwa jina la Ngosha kuliko kwa majina yake mwenyewe. Wahispania nao humwita rafiki hombre, yaani mwanamume, katika mshangao au utani, lakini neno lile halina kabila.

Ngosha ya mjini ina nyuso mbili. Baina ya Wasukuma wenyewe walio ugenini ni neno la kutambuana, lenye joto la nyumbani. Kinywani mwa mtu mwingine, hasa likitamkwa kwa kuigiza lafudhi, hubeba ile picha ya zamani ya mtu wa ng'ombe na jembe asiyeujua mji. Sauti ni ile ile, na aitwaye huisikia tofauti kabla ya neno halijaisha. Bariadi penyewe halitumiki kumwitia mtu mzima mwenye heshima zake. Huyo ni namhala, mzee, na wakiwa wengi ni banamhala. Tena ngosha halina mwenziwe wa kike katika lugha ya mijini. Nkima, yaani mwanamke, halikusafiri. Lililosafiri ni mayu, nalo lilikwenda na heshima yake yote.